Matairi ya Upande wa Kabati

Wengi walioishi Juba miaka ile ya mkataba wa amani hukumbuka jenereta. Wengine hukumbuka vumbi, au bei ya nyanya. Mimi nakumbuka upepo ukitolewa kwenye tairi wakati wa magharibi, pssss ya taratibu, na sauti ya mama kutoka ndani ya nyumba ikisema, "Bado. Bado kidogo. Hapo." Mpaka aseme "hapo" hakuna aliyekula.

Nyumba yenyewe ilikuwa mgongoni mwa lori. Baba aliijenga Kitale, alikokuwa dereva wa magari ya mbao miaka yote ya ukimbizi wetu. Ilikuwa chumba kimoja chenye paa la mabati na dirisha lenye pazia la maua, kitanda cha wazazi upande wa nyuma, meza ya kukunja ukutani, na godoro langu chini ya meza. Amani ilikuwa imetiwa saini, watu walikuwa wanarudi, na baba alikuwa amechoka kuitwa mgeni. Alisema mkataa kwao ni mtumwa. Mama alikuwa anakunja nguo. Alimuuliza, bila kuinua kichwa, kwao ni wapi kwa mwanamke aliyezaa watoto wake wote Kitale, akawazika wawili huko huko, na kabati lake liko huko huko.

Kabati hilo lilikuwa la mvule, refu kuliko mimi, lenye milango ya vioo. Mama alilinunua kwa chapati, yaani kwa miaka ya kuuza chapati, na ndani yake alipanga vikombe ambavyo hakuna mtu aliyeruhusiwa kuvigusa isipokuwa askofu atutembelee. Askofu hakuwahi kutembelea. Kabati lisipokwenda, alisema mama, na yeye haendi.

Basi walipatana. Mama angekuja Juba kujaribu tu. Kabla mvua hazijaharibu barabara ya Nimule, ile ya kurudia Kenya, baba angemuuliza swali moja, na jibu likiwa "turudi", wangerudi bila maneno. Baba alikubali. "Siku utakayosema," alimwambia, "mimi nitawasha gari tu." Nilikuwapo, nikasikia, nikadhani ni yale maneno ambayo mume humwambia mke ili afunge mizigo.

Sote tulijua jibu litategemea nini. Mama aliumia mgongo zamani, alipoanguka na gunia la mahindi, na tangu hapo hakuweza kulala mahali palipoinama hata kidogo. Kichwa kikishuka chini ya miguu, au upande mmoja ukizidi mwingine, aliamka akiwa amekakamaa, na siku yote ile tulikuwa tunatembea kwa ncha za vidole. Asipolala, hatakaa. Baba alilijua hilo kuliko jina lake.

Sasa nieleze kosa, maana bila kosa hili hakuna kisa. Barabara nzuri ya udongo wa murram huinuliwa katikati na kushushwa pembeni, ili maji ya mvua yatoke. Kenya magari hupita kushoto, kwa hiyo lori lililobeba mzigo mrefu huelemea kushoto, kuelekea mtaroni. Dereva wa mbao hujua hilo kwa makalio yake. Baba alipojenga nyumba, alilifunga kabati ukuta wa kulia kwa boliti ndefu zilizopita mbao hadi nje, ili uzito wake uvute gari kurudi katikati ya barabara. Na kweli, kutoka Kitale hadi Gulu, na kutoka Gulu hadi mpakani, nyumba ilikwenda imesimama wima na mama alilala kila tulipopumzika. Baba alikuwa anapiga mluzi.

Tulipovuka mpaka wa Nimule tukahamia upande wa kulia wa barabara, kama Sudan nzima. Mtaro ukawa kulia. Kabati lilikuwa kulia. Baba mwenyewe, na usukani wake wa Kenya, alikuwa kulia, amekaa juu ya shimo kama ndege kwenye ukingo. Kila alipotaka kulipita gari la mbele hakuona kitu, hivyo mimi niliyekaa kushoto ndiye niliyekuwa macho yake. "Ngoja," nilimwambia. "Ngoja. Haya, nenda." Mluzi uliisha. Nyuma, mama aligonga ukuta kwa mwiko kila tulipoinama, na aligonga hadi Juba.

Tuliegesha kwenye ua wa shangazi yangu, dada ya baba, mtaa wa Kator. Ua ulikuwa tambarare, umefagiliwa kila asubuhi hadi ukang'aa. Lakini hatukuweza kukaa tu. Tuliishi kwa kuuza chai na chapati Sherikat, ng'ambo ya daraja, penye malori na wachuuzi, na duka letu lilikuwa mlango wa nyuma wa nyumba yetu. Kila asubuhi nyumba nzima ilivuka mto kwenda kazini, vyuma vya daraja vikilia chini yetu, na kila alasiri ilirudi. Watu wa Sherikat waliiita *bet al gi ruwa*, nyumba inayokwenda. Watoto wa Kator waliiita konokono.

Barabara ya ng'ambo ilikuwa na mwinamo mbaya. Siku ya kwanza tuliinama kulia hadi shangazi, aliyekuwa amepanda nasi kwa udadisi, akaanza kusali rozari. Kila mtu aliona dawa: hamisha kabati. Baba alisema kabati halihami. Badala yake alivuta mpira wa upepo kutoka tanki la breki, akawasha injini, akajaza matairi yote ya kulia, la mbele na yale mawili ya nyuma, zaidi ya kiasi chake. Upande wa kabati ukapanda. Barabarani tukakaa karibu sawa.

Lakini jioni, kwenye ua tambarare wa shangazi, upande ule uliojazwa ulikuwa juu, na mama alikuwa anateleza kuelekea ukuta wa kushoto kama chupa kwenye meza mbovu. Kwa hiyo baba alipunguza upepo tena, upande wote wa kulia, tairi kwa tairi. Mama aliketi mezani na kikombe kilichojaa chai hadi ukingoni, akitazama chai imelala vipi. Huyo ndiye aliyekuwa fundi wetu wa kupima. Geji ya baba ilisema namba, na kikombe cha mama kilisema kweli.

"Bado."

Pssss.

"Bado kidogo."

Pss.

"Hapo. Usiguse tena."

Asubuhi ilikuwa kinyume chake. Injini iliunguruma kabla ya kengele za kanisa, moshi ukaingia kwenye nguo za shangazi zilizoanikwa, na baba amechutama, sikio karibu na valvu, anajaza. Mimi nilishika geji na kusoma. Shangazi alisimama mlangoni mikono kiunoni. "Sikio la kufa halisikii dawa," alisema. "Mtu ana kabati moja na spana moja. Anatuamsha kanisa zima." Na mimi, niseme kweli, nilikuwa upande wa shangazi. Nilikuwa nimemaliza shule, nangoja kazi ya ofisini, na asubuhi zangu zilikuwa zinapotea kwenye moshi kwa sababu ya ukaidi wa mzee mmoja asiyetaka kukiri kwamba amefunga kabati upande usiofaa. Nilikasirika kwa adabu. Nilimsomea geji kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu.

Sherikat tuliegesha mkabala na fundi wa pancha, Mganda mnene mcheshi aliyekunywa chai ya mama kabla hajanawa uso. Aliyaangalia matairi yetu kila siku kama daktari anavyomwangalia mgonjwa wa mwenzake.

"Mzee," alimwambia baba, "gari yako iko natembea kama mtu ya mguu moja mufupi. Springi imekufa?"

"Springi ni nzima."

"Basi hii upepo mingi ya upande moja ni ya nini?"

"Ni ya barabara."

"Barabara!" Alicheka, akamgeukia mama. "Mama, ambia mzee. Huko kwenu Kitale iko baridi. Hapa jua naongeza upepo bure. Asubuhi wewe naweka mingi, saa saba jua naweka yake juu yake. Ile tairi imezeeka. Itafanya nini?"

"Mimi napika chai tu," mama alijibu. "Matairi muulize mwenyewe."

Fundi alisema kabati lisogezwe, akajitolea spana na mabega yake kwa bei ya chapati. Baba alishukuru, akasema kabati halihami. Hakukasirika. Hilo ndilo lililonichoma zaidi, kwamba alilisema kwa upole, kama mtu anayekataa nyongeza ya ugali.

Sasa nikifumba macho, miezi ile yote inakuja na harufu ya unga ukiungua kwenye karai. Wateja wetu wengi walikuwa vijana kama mimi, waliokulia Kakuma, Nairobi na Eldoret, Kiarabu chao kibovu, wanatukanwa sokoni kwa kutojua kuomba chumvi. Walikuja kwenye mlango wetu ili wasikie mtu akiwaambia "shika chai yako, mwanangu, na usimwage." Mama alianza kuwajua. Aliuliza nani ameumwa, nani amepata kazi, nani hajarudisha kikombe. Jumapili alikwenda na shangazi kanisani, na siku moja alirudi akiwa anaimba wimbo wa Kibari, lugha ya watu wa Juba, ambao sikujua kwamba anaujua. Aliimba akichambua mchele. Alipogundua namtazama alinyamaza, akaniuliza kama sina kazi.

Lakini kuhusu kukaa au kurudi hakusema kitu. Baba naye hakuuliza. Nilimwona akitazama mawingu upande wa kusini, kisha akitazama mgongo wa mama anaposhuka ngazi asubuhi, anashukaje, anashika kiuno au hashiki. Kila siku alipima hayo mawili. Nilitamani mama aseme tukae, kwa sababu nilikuwa nimeipenda Juba bila kumwambia mtu, vumbi lake, jeuri yake, na namna kila mtu alivyokuwa mgeni kwa hiyo hakuna aliyekuwa mgeni. Nilitamani pia baba ashindwe kwa habari ya kabati. Mambo hayo mawili niliyabeba pamoja bila kuona shida.

Siku yenyewe ilianza kwa joto la kunata, lile linalokuja kabla ya mvua ya kwanza. Mawingu yalikuwa yamesimama tu hayashuki. Mama alichoka mapema, akajilaza kitandani nyuma, tukafunga mlango wa duka alasiri na kugeuza kurudi Kator. Hatukufika hata pale magari yanapongojea zamu ya kuvuka daraja. Gurudumu la nyuma la kulia lilipanda jiwe, si kubwa, jiwe ambalo lori hulipanda mara mia, na tairi la nje likapasuka.

Mlio wa tairi lililojaa kupita kiasi si mchezo, na Juba ya miaka ile ilikuwa na masikio yake. Barabara nzima ililala chini. Wachuuzi, wapiga debe, mwanamke mwenye beseni la samaki, wateja wetu wa chai tuliowaacha nyuma, wote walikuwa kifudifudi vumbini kwa mara moja. Lori lilizama upande wa kabati, likaelekea mtaroni, likasimama limeegemea tairi la ndani. Kisha ndani ya nyumba nikasikia vikombe. Vilishuka vyote pamoja, na baada ya hapo kimya.

Baba alikuwa amefika kwenye mlango wa nyuma kabla sijapata kufungua wangu. Sijawahi kumsikia akiita jina la mama la usichana, ila siku hiyo aliliita. Mlango ulikuwa umekwama kwa sababu ya mwinamo. Aliung'oa.

Mama alikuwa ameketi sakafuni, mzima, mweupe kichwa hadi kifuani. Debe la unga lilikuwa limemwagika juu yake. Kabati lilikuwa bado limeshika ukuta kwa boliti zake, milango wazi, vioo hakuna, na vikombe vya askofu vilikuwa vipande vipande miguuni pake. Alipangusa macho akatutazama.

"Mnashangaa nini?" alisema. "Nipeni mkono."

Watu walipoona si risasi waliinuka, wakajikung'uta, wakaanza kucheka kwa aibu na kusema *malesh*, *malesh*, pole sana. Fundi wa pancha alikuja mbio na jeki begani. Aliliangalia tairi, akaangalia anga, akaangalia baba, na kwa mara ya kwanza hakufanya mzaha. Mimi ndiye niliyefungua mdomo. Nilisema haya yote ni kwa ajili ya ukaidi, kwamba tulimwambia, kila mtu alimwambia.

Mama alininyamazisha kwa mkono wenye unga. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, anamtazama baba aliyesimama na spana ya magurudumu, hajui aanzie wapi.

"Baba watoto," alimwita. "Sijawahi kukuuliza. Leo nakuuliza. Kwa nini hukulihamisha?"

Baba alijibu akitazama spana. "Nilikuahidi."

"Uliniahidi nini?"

"Kwamba siku utakayosema turudi, nitawasha gari tu." Alionyesha kabati kwa kidevu. "Kule barabara ni ya kushoto. Kule hapo ndipo mahali pake. Ningelihamisha, ungeona nimeshaamua. Ungesema nimekufunga hapa." Kisha akaendelea haraka, kama anayetua mzigo. "Mvua yenyewe hiyo imefika. Nikibadilisha tairi, kesho nakupeleka Kitale. Hutalala tena kwenye vioo."

Niliona haya hadi masikio yakawaka. Asubuhi zote zile, moshi wote ule, nilikuwa namsomea geji mtu anayechunga neno lake.

Mama aligeukia ndani. Aliinama akaokota vipande vya vikombe, akavitia kwenye karai, kimoja kimoja. Fundi alikuwa ameshaweka jeki, anajifanya hasikii, na wateja wetu walikuwa wamekusanyika hatua chache nyuma, kila mmoja anajifanya anaangalia tairi. Matone mazito ya kwanza yalianguka juu ya mabati. Mama aliinua uso akayasikiliza.

"Nalala vizuri kwa muda mrefu sasa," alisema. "Ile 'bado, bado' ya jioni, nusu yake nilikuwa nakuchokoza."

Baba alimtazama.

"Hamisha kabati," mama alisema.

Tulilihamisha palepale, mvuani. Boliti zilikuwa zimeshika kutu kwenye mbao na zilitoka zikilia. Fundi alishika chini, vijana wa chai wakashika juu, baba akatoboa ukuta wa kushoto, na kabati la mvule likavuka chumba likiwa tupu, jepesi kuliko lilivyokuja. Upande wa kulia yalibaki matundu, na mvua ikachungulia ndani. Mama aliyaziba kwa sabuni ya kipande. Sabuni ile ilikaa pale hadi tulipopata kiwanja Gurei, pembeni mwa Juba, na nyumba ikashushwa kutoka kwenye lori ikawa jiko. Bado ni jiko. Baba hayupo tena, lakini ukiingia humo alama za sabuni utaziona.

Tairi la akiba lilipofungwa, fundi alileta mpira wake wa upepo. Alichutama upande wa kulia, akasita, akamgeukia mama. Hakumgeukia baba.

"Mama, hii naweka ngapi?"

"Weka sawa zote," mama alisema. "Hatuendi mbali."

Jioni ile, Kator, ua wa shangazi ulikuwa matope. Mama aliketi mezani akaweka kikombe cha plastiki, maana ndicho kilichobaki, akakijaza chai hadi ukingoni. Nilikitazama. Chai ilikuwa imelala sawa kabisa. Nje, baba alikuwa anazunguka lori na geji mkononi, anainama kwenye tairi moja, anakwenda jingine, hajui afanye nini na jioni yake.

Mama alimsikiliza akizunguka. Kisha akasogea dirishani, akavuta pazia.

"Bado," alimwita. "Bado kidogo."

Nje hatua zilisimama. Baada ya muda nilisikia upepo ukitoka, kidogo sana, na baba akicheka peke yake gizani.

"Hapo," mama alisema, akammiminia chai.